Mwasumini wa Mwalimu Melkizedek

Pale Malolo, ukipita kwa Mwalimu Melkizedek bila kuusifia mwasumini wake, ujue umemtukana. Mwalimu mkuu huyu mstaafu atakusimamisha juani akupe somo: samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, matawi yapunguzwe maua yakiisha, maji asubuhi na mapema. "Niliupanda kwa mkono wangu," anasema, na ni kweli aliupanda. Tangu siku hiyo hajaugusa. Maji anachota mkewe, Costancia, bombani, na samadi anaisomba yeye huyohuyo. Kazi ya Mwalimu ni kunusa.

Kiangazi hiki binti yao Brightness akajifungua huko Magole. Costancia akafunga safari kwenda kumhudumia mzazi, kama ilivyo ada. Mwalimu naye alikwisha kutamba kanisani kwamba askofu akija kutoa kipaimara, madhabahu itapambwa kwa asumini yake. Haya, nani amwagilie?

Yeye aende bombani? Thubutu! Apange foleni na ndoo, wanawake aliowachapa shuleni wamcheke? Jirani yao Joyce alimwonea huruma, akawa anamletea ndoo moja ya kupikia na kufulia. Kuomba ya pili aliona aibu. Basi maji aliyofulia mashati, na povu lake la sabuni ya unga, akayamimina shinani. Kesho yake tena. Maji si maji tu, jamani?

Majani yakageuka manjano, yakapukutika. Vitumba vya maua vikawa vyeusi. Kila jioni Mwalimu akampigia mkewe simu kulalamika, na kila jioni Costancia akamjibu achote maji safi. Jumamosi akashindwa kuvumilia.

"Mama Brightness, rudi. Askofu anakuja kesho, nitaificha wapi sura yangu?"

"Nimwache mzazi kwa ajili ya ua?"

"Siku mbili tu!"

"Baba Brightness, simu zote hizo unazopiga, hujauliza hata jina la mjukuu wako."

Mwalimu akakohoa. Akautazama mwasumini, umebaki vijiti.

"Anaitwa nani?"

"Mwulize mama yake, huyu hapa."

Mwalimu akaweka simu sikioni vizuri, akasubiri. Alimsikia mtoto akilia, kisha akamsikia Brightness akisema hana haja ya kuipokea.