Karatasi Nyeupe Kutoka Paa la Dada

Ofisini walimwita Pua, na si kwa ukubwa wa pua yake. Miaka kumi na moja alipima moshi wa mabua yanayochomwa mashambani baada ya mavuno, na kazi hiyo ilimfanya amshuku kila mwenye kiberiti. Hata akikaribishwa chai, alinusa kikombe kwanza.

Mwaka huo kipimo kiliwekwa juu ya paa la dada yake, jirani na mashamba. Kilikuwa kisanduku chenye feni ndogo iliyovuta hewa ipite kwenye karatasi ya chujio. Karatasi ikipimwa uzito kabla na baada, masizi yanajulikana. Vipimo vya wiki tatu vikionyesha hewa mbaya, ofisi ingepiga marufuku moto na kuleta mashine ya kukatakata mabua. Vikiwa safi, basi tena. Pua aliomba viwe vibaya, maana binti wa dada yake alikuwa na pumu, na kila msimu wa moto mtoto alilala ameketi, kaegemezwa mito.

Wiki ya kwanza karatasi ilitoka nyeupe. Ya pili, nyeupe pe. Na kila jioni moshi ulikuwa ukiwatoa watu machozi.

Hapa kuna mkono wa mtu, akasema Pua, na mwenye mkono akampata palepale: shemeji, mume wa dada, mwenye ekari sita za mahindi. Tena siku hizi shemeji alimchekea mno, akimpa magunia ya mahindi bila kuombwa. Damu ikamchemka Pua. Mtu anamfanyiaje mwanawe hivyo? Akaandika barua ya kumshtaki, akaikabidhi kwa mkuu wake, ndipo akaenda kujibanza nyuma ya banda la kuku kutafuta ushahidi. Mwingine angeanza na ushahidi, lakini huyo ndiye Pua.

Ilikuwa siku ya mwisho ya wiki ya tatu. Saa kumi na moja jioni mabua ya mwisho yakawashwa. Aliyepanda ngazi alikuwa dada. Akakifunika kisanduku kwa kitambaa kilicholowa maji, akakikaza kwa kamba.

Pua akatoka mafichoni, manyoya ya kuku begani. "Dada, unafanya nini?"

"Nakutunzia chombo chako. Si uliniambia kisiingie uchafu? Moshi ukianza nakifunika. Kitambaa nakifua kila asubuhi."

Shemeji, aliyerudi kutoka kuwasha moto shambani, alikuwa amesimama chini ya ngazi, uso umemshuka. "Kumbe si wewe, shemeji," akasema. "Nilidhani unanibadilishia karatasi ili nisikatazwe kuchoma. Ndiyo maana ya yale mahindi."

Barua ya Pua ilishafika kwa mkuu wake, na hadi mavuno mengine hapakuwa na moshi wa kupima. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Ndani, binti akaanza kukohoa. Dada alisikiliza kidogo, akakifungua kile kitambaa kibichi kutoka kwenye kisanduku, akashuka nacho, akaenda kukitundika kwenye dirisha la mwanawe.