Mama alimpinga mke wangu mbele ya mtaa mzima kwa sababu ya mahindi ya GMO, kumbe wa kulaumiwa nilikuwa mimi

Wakuu, salaam popote mlipo.

Miaka yote humu nimekuwa wa kusoma nyuzi za watu na kubishana kwenye komenti. Leo nimeanzisha wangu. Yote haya yamenipata mimi mwenyewe, nimebadilisha majina tu. Atakayeona ni chai asijisumbue kuweka sukari, apite.

Niko Songea, Msamala. Ni fundi friji.

Waifu nitamwita Salome. Ni mtu wa Singida, ajira ndiyo iliyomleta huku. Ni afisa ugani, anazunguka kwa wakulima kuwaelekeza mambo ya mbegu, mbolea na wadudu. Tulifahamiana nilipoitwa ofisini kwao kutengeneza friji ya chanjo za kuku. Lilikuwa tatizo la dakika kumi, nikalishughulikia siku tatu. Wanaume mnanielewa.

Mama yangu yuko Matogoro, pale chini ya milima. Baba alishatangulia. Mama analima mahindi, maharage na maboga, na mbegu ya mahindi hajawahi kununua maisha yake. Anachagua mahindi mazuri, anayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza jikoni juu ya moto mpaka yanakuwa meusi kwa moshi. Ndivyo alivyofanya bibi.

Siku ya kwanza nampeleka Salome, alimkuta Mama anapalilia. Akavua viatu, akaingia shambani na gauni lake la ugeni. Jioni Mama akanivuta pembeni: "Huyu usimwache."

Sikumwacha.

Sasa sikieni nilipoharibu. Nilimnunulia Mama simu ya tachi, nikamuunga kwenye grupu la jumuiya yao. Nilitaka apate ratiba za sala.

Wiki haikuisha akapata voisi ya jamaa mmoja mwenye sauti nzito. Jamaa anasema mahindi ya GMO yameletwa kutumaliza, mwanamke akila hashiki mimba. Mama akaisikiliza, akairudia, akaifowadi.

Yeye anaita "jiemo".

Tangu siku hiyo akawa anatuletea kiroba cha unga wa dona wa mahindi yake. "Msile unga wa dukani. Una jiemo." Mimi nacheka. Salome anapokea kwa mikono miwili, halafu anaanza darasa.

"Mama, GMO na chotara ni vitu viwili. Chotara ni mahindi ya aina mbili yameoanishwa shambani. GMO wanaingia maabara, wanabadilisha vinasaba ndani ya mbegu. Hizi tunazohamasisha sisi ni chotara, Mama, siyo GMO."

Mama akamwangalia kwa upole. "Umesoma, mwanangu. Ila hao waliokusomesha, walikuambia yote?"

Usiku ule Salome alinichekesha sana anamwigiza Mama.

Wakuu, kuna kitu sijawaambia. Ulikuwa mwaka wa nne wa ndoa na hatukuwa na mtoto.

Na kuna kingine ambacho sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Tulishapima. Salome yuko salama kabisa. Mwenye tatizo nilikuwa mimi. Mbegu chache, halafu hazina nguvu, mishipa kule chini imevimba. Daktari alisema upasuaji mdogo unaweza kusaidia.

Nilitoka pale siwezi hata kuwasha pikipiki. Nikamwomba Salome asimwambie mtu. Akanishika mkono, akasema, "Yetu sisi wawili."

Upasuaji nikaanza kuukwepa. Mwezi ujao. Nikimaliza kazi hii. Mvua zikikatika. Miaka miwili!

Ikaja siku ya mkutano.

Ilikuwa kabla ya mvua za kupandia. Salome alipangiwa kuongea na wakulima ofisi ya mtaa kule kwa Mama. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa kwa simu na jirani wa Mama kabla hata Salome hajarudi. Ameeleza mbegu vizuri, watu wanauliza maswali, Mama akanyoosha mkono.

Akasimama. "Huyu ni mkwe wangu, nampenda. Lakini mbegu za madukani zinafunga matumbo ya wanawake. Mwangalieni yeye mwenyewe. Mwaka wa nne huu."

Jirani anasema watu wote waligeuka kumtazama Salome.

Salome alikunja karatasi zake, akajibu maswali mawili yaliyobaki kwa sauti ile ile, akasema asanteni, akapanda pikipiki.

Nyumbani alinikuta nimeshajiandaa na maneno. Nikamwambia kwamba Mama hakuwa na nia mbaya.

"Najua hakuwa na nia mbaya," akasema. "Mama sina shida naye. Niliyechoka naye ni wewe."

Akaingia kukatakata mboga. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika.

Asubuhi nikaenda Matogoro. Msinicheke, nilienda kumgombeza Mama. Yaani kosa langu, halafu naenda kumfokea mzazi.

Nikamkuta kakaa kwenye mkeka anachambua maharage. Shikamoo, marahaba. Nikaanza, "Mama, jana umemdhalilisha mke wangu."

Hakujitetea. Akaendelea kuchambua, akasema, "Shangazi yako amekuja hapa mara tatu."

"Shangazi anahusikaje?"

"Anasema Salome ni mgumba. Anataka nikwambie uoe mwingine, na binti ameshakutafutia. Wenzake wa ukoo wanamuunga mkono." Akaweka ungo chini. "Sasa mimi nifanyeje? Nikisema sijui, wanamfukuza mtoto wa watu. Nikasema ni chakula. Ile jiemo ilipokuja kwenye simu nilimshukuru Mungu. Nikasema bora walaumu mahindi kuliko kumlaumu yeye. Jana nilitaka wote wasikie kwamba kosa si lake."

Halafu akalia. Mama yangu sijamwona akilia tangu tumzike Baba.

Nikakaa chini, kwenye mkeka huohuo.

Nikasema, "Mama, siyo mahindi. Siyo Salome. Ni mimi. Tulipima."

Akafuta macho kwa khanga. "Salome anajua?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na jana akasimama pale, akaninyamazia?"

"Mimi ndiye niliyemwomba asiseme."

Nilisubiri matusi. Mama akainuka, akajifunga khanga vizuri. "Nipeleke kwake."

Nikampakia kwenye pikipiki mpaka Msamala.

Salome alikuwa uani anaanika nguo. Mama alimfuata moja kwa moja, akaanza kushuka apige magoti. Salome akamwahi. Wakabaki wameshikana mabega, mmoja anashuka, mwingine anamnyanyua, nguo mbichi imebanwa katikati.

"Nimekuvua nguo mbele za watu, mwanangu. Mbona hukuniambia?"

"Hata ungeniuliza ningekudanganya, Mama. Nilimwahidi."

Mama akanigeukia. "Umesikia?"

Nilisikia. Wiki mbili baadaye nilikuwa hospitali. Kwa wanaoogopa: ni kidogo kuliko mnavyodhani. Ugumu wote ni kuingia getini.

Turudi kwenye mahindi, maana najua wataalamu wameshaanza kukunja mikono ya mashati.

Msimu ule Mama alimgawia Salome kipande cha shamba apande chotara, chake akapanda mbegu ya moshi. Wakawa wanakagua pamoja kila Jumamosi, wanabishana kama dada na dada. Chotara ilizaa zaidi, hakuna ubishi. Ila ya Mama haikushambuliwa sana na wadudu ghalani, na dona lake ni tamu. Salome alikiri mwenyewe na ugali mdomoni.

Mama akamuuliza, "Hii yako nikiihifadhi, nitapanda mwakani?"

"Utapanda, lakini haitazaa hivi. Itabidi ununue tena."

"Basi hapo nina haki ya kuogopa."

"Hapo unayo, Mama. Na hata hiyo GMO, uliza. Mbegu itakuwa mali ya nani, utaruhusiwa kuihifadhi, chavua yake ikiingia kwenye shamba la jirani itakuwaje. Hayo niulize mbele ya mkutano, tuyatafutie majibu wote. La kufunga matumbo mwachie yule jamaa wa voisi."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Shangazi alikuja mara ya nne. Siku hiyo mimi na Salome tulikuwepo, tuko jikoni. Tukamsikia ameanza na yule binti aliyenitafutia. Mama akamkatisha.

"Wifi, mwenye tatizo ni mwanangu. Ametibiwa. Wakipata mtoto tutashukuru, wasipopata, Salome haendi popote."

Shangazi akashangaa. "Na ile jiemo uliyotuambia?"

"Jiemo sijui chochote, wifi. Nilikuwa natafuta pa kumficha mtoto wangu."

Hakusema mkwe. Salome aligeuka ukutani, mabega yanatikisika, nikamwacha alie.

Mtoto bado, wakuu. Daktari ametuambia tuvute subira, na tunaivuta.

Nilichojifunza: kelele nyingi za GMO kwenye familia yangu hazikuwa za GMO. Kulikuwa na ukweli mmoja ambao mwanaume mzima nilishindwa kuutamka, wanawake wawili wanaonipenda wakabeba mzigo wake hadharani badala yangu. Kama umepima na majibu unayo, usimwache mwenzako asimame peke yake kwenye mkutano.

Wa kilimo karibuni mtuelimishe kuhusu mbegu, kwa hoja, bila matusi. Na ambaye yamemkuta kama yangu, aandike hapa. Nitamjibu kila mmoja, hata kama itanichukua wiki nzima.