Gari Lililoogopa Baridi

Nilipoanza kazi kwenye mradi wa kahawa pale Kasulu, miaka ya tisini, nilikuwa na shahada, suruali mbili na hofu ya kuonekana sijui. Suruali zilichakaa mapema. Hofu ilidumu.

Mradi ulikuwa na gari moja kuukuu, la fowili ya zamani. Ili magurudumu ya mbele nayo yavute, dereva alilazimika kushuka kwenye tope, kuinama, na kuzungusha kifundo kilicho katikati ya kila gurudumu la mbele, kisha arudi ndani avute gia ndogo. Kifundo hicho madereva walikiita habu, na kukizungusha hivyo walikuita kufunga habu. Dereva wetu, mzee wa Nyakitonto aliyekuwa akiendesha tangu mimi sijaanza shule, alikizungusha bila kukitazama, kama mtu anayefunga kifungo cha shati lake.

Kabla ya mvua tulilipeleka gari Kibondo ili habu zipakwe grisi upya. Mwaka ule grisi ilikuwa adimu, kwa kuwa malori ya kwenda kwenye kambi za wakimbizi yalimaliza kila kopo. Mzee alikwenda kutafuta chakula, akaniacha na fundi. Fundi alifungua habu, akachota kwenye kopo la maziwa kitu kizito cha rangi ya chungwa, akakisokomeza ndani kwa vidole. Nikasikia harufu ya maharage yaliyoungwa. Mawese.

Nilitaka kuuliza. Nikawaza huenda ndivyo wanavyofanya wakikosa grisi. Nikawaza huenda kachanganya. Nikawaza akinicheka, mzee atarudi na kukuta msomi wa chuo kikuu anachekwa. Nilipomaliza kuwaza, bolti ya mwisho ilikuwa imekazwa. Nikaandika kwenye daftari la gari kwamba habu zimepakwa grisi, nikatia sahihi.

Mvua ziliponyesha tulipakia miche ya kahawa kuipeleka Munanila. Tulilala njiani, tukaondoka alfajiri, ukungu umefunika migomba na baridi inauma masikio. Kwenye mlima wa mwisho gari liliteleza. Mzee akashuka, akainama kulia, akainama kushoto, akarudi, akavuta gia. Magurudumu ya nyuma yalichimba. Ya mbele yalitulia kama hayahusiki. Alishuka mara tatu. Mimi nilibaki ndani kwa sababu ya mvua, vioo vimejaa mvuke. Tulirudi nyuma kidogo kidogo, tukatumbukia mtaroni, na tulikaa humo siku tatu. Miche ikafa. Wakulima walikuja kuitazama.

Tulipovutwa hadi Kasulu, mkuu wa mradi aliamuru gari lijaribiwe. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Wakalinyanyua kwa jeki, mzee akafunga habu, akavuta gia, na magurudumu ya mbele yakazunguka vizuri kabisa.

"Asubuhi linakataa, jua likitoka linakubali," mzee akasema.

Karani wa stoo akamjibu, "Basi, mzee wangu, ukiamka uliwashie moto liote kwanza. Limezeeka kama wewe."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Mkuu akanitaka niandike ripoti, kwani mimi ndiye niliyekuwa na mzee safarini. Niliandika siku mbili. Nilichambua difu, ekseli, gia ndogo, hata ukubwa wa matairi. Nilijiambia kwamba chuma hakijui asubuhi wala mchana, kwa hiyo mzee anadanganya. Kisha nikaandika sentensi moja ambayo hadi leo siwezi kuikanusha: "Sikumwona akifunga habu." Ilikuwa kweli. Nilimwona akiinama tu. Mzee akaachishwa kazi kwa sentensi hiyo.

Mwezi uliofuata nilikuwa Munanila tena, na dereva mpya. Baridi ileile, gari likakataa vilevile. Safari hii nilishuka mwenyewe, nikamwona dereva akizungusha habu hadi mwisho. Tukazifungua. Ndani mawese yalikuwa yameganda na vumbi, magumu kama sabuni, na pete yenye meno, ile inayopaswa kuteleza ishike ekseli, imenasa katikati. Mtoto yeyote wa Kigoma anajua mawese hulala kwenye baridi. Mama yangu mwenyewe alikuwa akiisogeza chupa karibu na mafiga kabla ya kupika. Nilikuwa nimeyawaza yote isipokuwa hilo. Tuliosha kila kitu kwa mafuta ya taa, tukapaka grisi kidogo tuliyoomba misheni, na gari likapanda mlima kana kwamba halijawahi kukataa.

Niliandika ripoti ya pili. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia. Akaniambia kwa upole kwamba mtumishi aliye kwenye majaribio, mwenye ripoti mbili zinazopingana, anajiandikia mwenyewe barua ya kuachishwa kazi. Akaniuliza ipi ibaki kwenye jalada. Nikaikunja ile ya pili nikaitia mfukoni.

Jumapili nilikwenda Nyakitonto. Mzee alikuwa akipalilia maharage. Nikamwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye tuta: mawese, kopo la maziwa, ripoti iliyo mfukoni.

"Ulinusa siku ile ile?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Mimi ningenusa. Nilikwenda kukutafutia ndizi, ulisema una njaa."

Nikamnyooshea ripoti. Hakuipokea, mikono yake ilikuwa na udongo.

"Kaa nayo, mwanangu. Huku hatuna jalada," akasema, akainama tena kwenye maharage yake.

Nilisubiri aseme jambo jingine. Alipofika mwisho wa tuta alianza la pili, akienda upande usio wangu.