Nilivyokwenda Bodo na Kijitabu cha Usalama

Nilitoka Kwale kwa sababu ya kijitabu. Ofisi moja ya serikali ilikuwa imeniomba mimi, mwalimu wa Kiswahili, niyaeleze kwa lugha nyepesi maneno ya usalama ambayo wananchi huyasikia redioni na kwenye mikutano ya chifu: ugaidi, itikadi kali, mshukiwa, ujasusi na mengineyo. Niliyaandika miezi miwili, nikiwa kwenye kiti changu, mlangoni kwangu. Mpiga chapa wa Ukunda alipokuwa karibu kuanza kazi, nikajiambia si vizuri kueleza maneno kwa watu usiowauliza. Nikachagua Bodo, kwa kuwa pana mwanamke ninayemfahamu, Bi Riziki, mzee wa mtaa.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Kombani. Saa nne nikapita Msambweni, na kwenye njia panda nikapanda bodaboda. Barabara ya vumbi ilipita katikati ya minazi hadi tukaanza kunusa matope ya mikoko. Kabla sijapiga hodi, Bi Riziki alikwishatoka nje, mikono imejaa unga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwalimu! Karibu. Umekonda, au ndiko kuandika huko?"

Uani kwake, wanawake kama kumi na watano aliowaita walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Nikafanya kama tufanyavyo kwenye semina zote: nikatoa karatasi ya mahudhurio yenye nafasi ya jina, nambari ya kitambulisho, simu na sahihi. Nikampa wa kwanza.

Akaitazama. "Mwalimu, nimeacha mbaazi motoni," akasema, akaondoka. Wa pili naye alikuwa na mbaazi motoni. Wa tatu pia. Baada ya muda mfupi mikeka ilikuwa mitupu, na kama maneno yao yalikuwa kweli, siku hiyo Bodo nzima ilikuwa ikipika mbaazi.

Bi Riziki alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akanieleza. "Umekuja na maneno ya ugaidi, halafu unataka nambari za vitambulisho? Kuna wakati watu waliandikwa majina hapa, wakaambiwa ni ya chandarua. Baadaye wakaja kuhojiwa kuhusu vijana wao. Sisi, mgeni hula kwanza, akasalimia nyumba hadi nyumba. Jina lako tunalijua. Yetu utayasikia tukiitana."

Nikampa karatasi ile, akawashia jiko.

Nikala wali na samaki wa kupaka, nikazungushwa kusalimia. Baada ya sala ya alasiri wanawake walirudi uani kwa Bi Riziki, safari hii na makuti yao ya kusuka. Nami nikapewa kuti. Nilisuka vibaya sana, wakanicheka, na mazungumzo yakaanza.

Tulikwenda polepole. Niliwaeleza kuwa mshukiwa ni mtu anayedhaniwa tu. Haijathibitishwa kuwa ametenda kosa. Itikadi kali ni kushika fikra kwa namna inayomfanya mtu aone halali kumdhuru asiyekubaliana naye. Swala tano na ndevu si itikadi kali. "Hilo liandike kwa wino mzito," akasema mmoja, na wote wakaitikia.

Tukafika kwenye neno mrejeaji. Nilikuwa nimeliandikia mstari mmoja: gaidi aliyerudi nyumbani. Pembeni palikuwa na mchoro wa mtu aliyejifunika uso.

Mwanamke mmoja akaacha kusuka. Jina lake lilikuwa Bi Mwanamisi.

"Soma tena, mwalimu."

Nikasoma tena.

"Juma wangu aliahidiwa kazi ya uvuvi ng'ambo ya mpaka," akasema. "Alipofika, akapewa bunduki. Akatoroka. Nilimpeleka kwa chifu kwa miguu yangu hii. Akahojiwa, akaachiliwa. Sasa anatengeneza vitanda, na amekubaliwa posa Msambweni. Wakwe wanajua yote. Lakini kijitabu hicho kitawekwa ofisi ya chifu kule. Wakisoma kwamba serikali inamwita mwanangu gaidi, posa itarudi leo hii."

"Na aliyeua kweli, je?" akauliza jirani yake. "Naye tumfiche kwenye neno?"

Lilikuwa swali zuri. Nikawaambia kazi ya kuhukumu ni ya mahakama. Kijitabu hakina haki ya kumhukumu mtu kwa mstari mmoja. Basi tukaandika pamoja, wakibishana kila kipande: Mrejeaji ni mtu aliyeliacha kundi la kigaidi akarudi kwao. Huenda alilaghaiwa au alikwenda kwa hiari. Kama ana kosa, mahakama ndiyo itakayosema.

Simu ilishika mtandao kwenye diko tu, wanakoshushia samaki. Nikampigia mpiga chapa.

"Ukurasa umejaa, mwalimu! Toa kitu."

"Toa mchoro."

"Mchoro ndio unaopendeza!"

"Toa huo huo, ndugu yangu."

Bi Mwanamisi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote, akashusha pumzi.

Asubuhi ya pili nikaagana nao, nikarudi Kwale nikiwa na vipande vya mhogo mkavu na kuti langu lililopinda. Nimejifunza kwamba neno linaweza kuwa sahihi mezani, likamuumiza mtu jikoni kwake. Nawe ukiwa na kazi ya kueleza neno zito, usiogope. Lipeleke kwanza kwa yule litakayemwangukia, na uwe tayari kulifuta.

Kijitabu kilipotoka, Juma alikuja Kwale mwenyewe kuchukua nakala, akaenda nayo moja kwa moja kwa baba mkwe. Alinisimulia baadaye kwamba alifungua ukurasa ule, akamwekea mzee mbele, akakaa chini akingoja. Mzee akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani.

"Kitanda cha binti yangu," akauliza, "utakitengeneza kwa mbao gani?"

"Mbambakofi, baba."

"Haya. Kiwe kipana."