Unga wa Kijani Kutoka Chamwino

Mimi siulizi. Hilo lijulikane mapema, maana ndilo lililoniponza. Mama yangu aliponiaga kule Tanga alinishika bega akaniambia, "Huko uendako, mwanangu, kuuliza si ujinga." Nikaitikia vizuri tu, kisha nikaondoka na kiburi changu kizima.

Niliolewa na Mgogo, mtu mpole, mfanyakazi wa serikali, tukapanga nyumba Mkonze, hapa Dodoma. Mama yake anaishi Chamwino, analima uwele na karanga. Siku ya harusi mama huyo alinitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akamwambia dada yake bila hata kushusha sauti, "Hawa wa pwani wanajua kujiremba. Sasa mwanangu atakula nini?"

Nilisikia. Nikaendelea kuwachekea wageni, lakini neno lile sikulisahau. Kila nilipopakua wali wa nazi nilimwona mama mkwe amesimama mlangoni anatikisa kichwa, na mwenyewe yuko zake Chamwino. Mume wangu alikula na kushukuru, lakini mwanamume anayeshukuru kila kitu hakusaidii kujua umepika nini. Mimi nilitaka mama yake anipende. Nilitaka aingie jikoni kwangu, akae, aseme mwanawe ameoa.

Asubuhi moja mume wangu akarudi kutoka kumwona mamaye, akaniwekea kifurushi cha kitambaa mapajani. "Mama kakupa hii," akasema. "Mwisho wa wiki atakuja kukaa nasi kidogo." Akabadilisha shati, akaenda zake kazini.

Nikafungua fundo. Unga wa kijani, mkavu, laini, unanukia majani. Jamani, mimi nimezaliwa Tanga. Kwetu mwali mpya akitumiwa unga wa kijani na mkwewe, hana haja ya kuambiwa ni kitu gani. Ni hina. Yule aliyenisema kwa kujiremba, leo ananiambia jirembe mwanangu. Nilikaa kitandani nikalia kama mtoto.

Sikupoteza muda. Miguu yangu ilikuwa imepasuka kwa upepo wa Dodoma, nikasema sasa ataikuta inang'aa. Nikachemsha chai ya rangi, nikakamulia limao, nikakoroga hina yangu kama alivyonifundisha bibi. Ikaanza kuvutika. Nikikoroga, inakuja na mwiko. Nikiinua mwiko, inaning'inia mpaka bakulini. Mtu mwingine angeuliza jirani. Mimi nikasema labda hina ya bara ndivyo ilivyo, ina nguvu kuliko yetu. Nikajipaka nyayo na vidole vyote. Nikachana khanga kuukuu, nikafunga miguu, nikafunga mkono wa kushoto, wa kulia nikaumalizia kwa meno. Nikanyoosha miguu mkekani, nasubiri rangi ishike.

"Hodi."

Sauti ile niliijua. Mama mkwe hakungoja mwisho wa wiki.

Nilikwenda mlangoni kwa visigino, nikashusha kitasa kwa kiwiko. Amesimama na kuku kwapani. "Mbukwa," akanisalimia kwa Kigogo, akanyoosha mkono. Nikasema shikamoo mama, mikono yangu nimeificha nyuma. Akachungulia. Akaona vitambaa mikononi, akashusha macho, akaona na miguu. Kuku akamponyoka.

"Umeungua," akasema. "Wamekupa jiko la gesi, hulijui, umeungua mwili mzima."

"Hapana, mama."

Hakunisikia. Alinikalisha mkekani, akapiga magoti mbele yangu, akaanza kufungua kitambaa cha mguu. Kikatoka taratibu, na ute wa kijani ukafuata, mrefu, haukatiki. Akaushika kwa kidole, akaunusa. Kisha, mbele ya macho yangu, akaulamba.

"Huu ni mlenda wangu," akasema. Akafikiri kidogo. "Limao la nini?"

Hapo ndipo nilipojua. Kumbe wenzetu huku huchuma majani ya mlenda wakati wa mvua, wakayaanika na kuyatwanga, wapate mboga kiangazi. Mboga yenyewe nimeivaa.

"Huko kwenu mlenda mnapaka?" akaniuliza, tena kwa heshima, kama mtu anayetaka kujifunza.

Nikaangua kilio. Nikamwambia yote kwa mpigo, kwamba nilidhani ni hina, kwamba nilimsikia siku ya harusi, kwamba nilifurahi mno kuona amenikumbuka mimi na si tumbo la mwanawe. Midomo ikaanza kumcheza, akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, akafuta machozi kwa kipande kilekile cha khanga, akajipaka mlenda usoni. Nikacheka na mimi. Ningefanyaje?

Unga kidogo ulikuwa umebaki kifurushini. Alininawisha mwenyewe, akanipeleka jikoni, akanionyesha: maji yachemke, magadi kidogo sana, unga unyunyizwe huku unakoroga, karanga za kusaga mwishoni. Ugali wa uwele nilisonga mimi, akanirekebisha mkono mara kwa mara.

Jioni mume wangu alivuta tonge, akafumba macho. "Mama, huu umepika wewe."

"Kapika mkeo," mama akasema bila kucheka. "Leo kautia mikono na miguu."

Mume wangu akasema ahsante, kama kawaida yake. Mama mkwe akainamia sahani, mabega yanamtikisika.

Aliporudi Chamwino, haukupita muda mrefu nikaletewa vifurushi viwili, kimoja cha kitambaa cheupe, kimoja chekundu. Nikavifungua vyote. Unga wa kijani hapa, unga wa kijani pale. Safari hii nikachukua simu nikauliza.

"Cheupe ni mboga," akasema mama mkwe. "Hicho chekundu nimekutafutia sokoni, nimezunguka mpaka miguu imeniuma. Usije ukampikia mwanangu."