Fisi Aliyeomba Kulinda Mlango

Nikikutana na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, hurudi Usenge, kijijini kwetu, nikiwa nimechuchumaa ufuoni na mama, tukigeuza samaki juu ya nyavu, mikono ikinata kwa magamba. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilikuwa nikimsomea kitabu changu cha hadithi cha shule. Siku moja nilimsomea kuhusu fisi aliyewaomba mbuzi wamwachie kazi ya kulinda mlango wao.

Mama aliacha kugeuza omena. "Huyo fisi aliongea kwa upole?"

"Kwa upole sana, Mama."

Kesho yake alikuja bwana mmoja aliyevaa viatu vya kung'aa. Alisema atatujengea banda la kuanikia samaki, bure, mradi wanawake waweke alama ya kidole kwenye karatasi. Wenzake mama walikuwa wameshachovya vidole kwenye wino.

"Ngojeni," mama akasema. "Nyathina, mwanangu, soma hii kwanza."

Yule bwana akacheka. "Mtoto atajua nini? Haya ni mambo ya ofisi."

Nilisoma polepole, nikijikwaa kwenye maneno marefu, hadi palipoandikwa kwamba ufuo wote utakuwa wake. Kicheko chake kikakatika. Wanawake wakafuta vidole kwenye leso zao.

Mwezi uliofuata, ufuo wa jirani ulizungushiwa mabati, na wanawake wa huko wakaja kwetu kuomba mahali pa kuanika. Mama aliwasogezea nyavu. Hakuwauliza kama walikuwa wameisoma karatasi ya yule bwana.