Siku Nilipoifua Picha ya Mama

Harufu ya rangi iliyochanganywa na mafuta ya taa hunirudisha Kibera, ingawa siku hizi naisikia hapa Kawangware, katika chumba ambamo mjukuu wangu Akinyi huchorea picha zake. Yeye ndiye anayeandika maneno haya, kwa kuwa mimi sikusoma, na nimemwonya asiongeze lake.

Tuliishi Soweto West, kimojawapo cha vijiji vya Kibera. Mama aliwafulia watu nguo, na mikono yake haikukosa buluu ya kung'arishia shuka. Nyumbani alikuwa mkali, mchache wa maneno. Jicho lake moja lilitosha kutukalisha.

Jirani yetu, fundi wa kuchora mabango ya maduka, alimchora mama juu ya kitambaa cha gunia la unga, akakitundika mlangoni pake. Nilipokiona nilishikwa na aibu. Mikono ilikuwa ya buluu tupu, minene kama mihogo. Uso ulikuwa wa manjano, mgongo umepinda, macho yamefumbwa, na mdomo mwekundu umeachama hadi masikioni.

"Atieno, mamako analia mbele ya watu," wenzangu walinicheka.

Niliamini, nami nikaapa kwamba hatalia pale hata siku moja zaidi. Fundi alipokwenda kunywa chai, nilikishusha kitambaa, nikakitia karaini, nikakisugua kwa sabuni ya kipande na majivu hadi vidole vikachubuka. Rangi haikutoka, ilizidi kung'aa. Na kwa kuwa nilifundishwa kwamba kilichofuliwa hakiachwi karaini, nikamwanika mama kambani, katikati ya shuka za wateja wake.

Mama mwenyewe alirudi kutoka bombani pamoja na wanawake wenzake, ndoo kichwani. Akasimama. Nikajua leo nachapwa.

"Nani amenifua?" aliuliza.

Karai la povu lilikuwa miguuni pangu. Akaitua ndoo polepole. Kisha akainama, akafumba macho, akacheka hadi akashikilia magoti.

"Mama Atieno, funga mdomo kwanza," jirani mmoja alimwambia. "Hiyo picha inakuiga."

Nikatazama kambani, nikamtazama mama. Mgongo ulikuwa uleule, mdomo uleule, na jua limempiga usoni akawa wa manjano kweli.

Mlango wa fundi ulielekea bombani. Kila asubuhi alimwona mama akicheka na wenzake, mahali ambapo mimi sikuwahi kumfuata. Nilikuwa nimeshalea watoto wangu ndipo nikaelewa: kicheko alikimaliza kule, nasi akatuletea ukali uliotulea.

Sasa Akinyi amenichora mimi. Nimeketi wima, paji la uso zambarau, mdomo umefungwa barabara. Lakini kwenye pembe ya mdomo ametia rangi ya chungwa, kadiri ya punje ya mtama. Ananiuliza kama nimependezwa. Nimemwagiza aandike kwamba doa hilo lisifuliwe.